Mashua kuukuu ya mbao au yoti kuukuu ya faiba: ipi utaimudu?

Mpwa wangu anafanya kazi Maskati na huja nyumbani Kilifi miezi miwili kwa mwaka, mara nyingi upepo wa Kaskazi ukiwa umekolea. Mwezi uliopita alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Nimepata vyombo viwili na pesa ninazo za kimoja tu. Niambie nichukue kipi." Cha kwanza ni mashua ya futi 32 iliyoundwa Matondoni, kisiwani Lamu, miaka kama ishirini iliyopita. Cha pili ni Westerly Centaur, yoti ya Kiingereza ya futi 26 ya miaka ya sabini, ambayo mwenyewe alirudi kwao akaiacha imekaa kwenye tope la hori, ule mkono wa bahari unaoingia bara. Bei zao hazijapishana sana. Anataka kusafiri na mkewe na watoto kutoka Kilifi hadi Lamu, kama maili 100 za baharini, na siku nyingine wavuke mpaka Pemba.

Nilimwambia anipe wiki mbili nivitazame vyote kwa mikono yangu. Nimeyaweka hapa yale niliyomjibu, nikayapanua kidogo, kwa sababu swali hili naulizwa na wengi. Mimi nimelelewa ndani ya mashua ya baba, kisha nikafanya kazi ya kutengeneza yoti kwa miaka mingi. Vyote viwili navipenda, na vyote viwili vimewahi kunikosesha usingizi.

Bei ya kununua isikuzubaishe. Wenye yoti wana kipimo chao kwamba kila mwaka utenge asilimia 10 ya bei ya chombo kwa matengenezo. Kwa chombo kipya kipimo hicho kina maana. Kwa chombo kikuukuu kinapotosha, maana waya wa mlingoti au mashine ya dizeli haina habari kwamba wewe ulinunua kwa bei ya kutupwa. Linganisha kazi iliyopo, na nani ataifanya.

Chini ya maji

Hapa ndipo tofauti yote inapoanzia, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Mbao ikilowa hufura, ikikauka hunywea. Mashua iliyokaa juu ya mchanga miezi mitatu ya jua, siku ya kuishusha majini huingiza maji kila upande, na utafua ngama, yaani kuchota maji yaliyoingia, kwa upo usiku kucha mpaka mbao zirudi kufura na viungo vibane. Wala hiyo si dalili kwamba mashua ni mbovu. Ndivyo ilivyoumbwa, inataka kukaa majini na inataka mtu karibu yake.

Mashua ile tuliipweleza, yaani tuliikalisha mchangani maji yakipwa, siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mimi na fundi mmoja mzee wa kalafati, kazi ya kuziba mianya ya mbao. Aliinama ubavuni na patasi yake bapa mkono wa kushoto, nyundo ya mbao mkono wa kulia. Anauchukua uzi wa pamba uliolowekwa mafuta ya nazi, anaulaza kwenye mwanya kwa vitanzi vidogo vidogo, kisha anapiga. Mapigo ya kwanza hutoa sauti butu. Uzi ukishashika, sauti hupanda, inakuwa kavu na kali kama mtu anayebisha mlango mzito. Akisikia imepanda anasogea mbele. Mahali pawili haikupanda. Aliacha kupiga, akachomoa uzi, akanipa kisu. "Choma hapa, mwanangu." Kisu kiliingia nusu ya kidole bila nguvu yoyote. "Huu ubao umekufa," akasema. Na pale pale katikati palikuwa na msumari wa chuma uliogeuka unga wa kutu.

Ugonjwa wa mashua nyingi kuukuu ni huo: msumari unaoza na ubao unaouzunguka unaoza nao. Ukikagua mashua ya kununua, usitazame rangi. Fuata misumari. Penye doa jeusi au jekundu, choma kwa ncha ya kisu. Kisha ingia ndani uguse mataruma, zile mbavu za chombo, pale yanapokutana na mkuku, uti wake wa chini, maana maji ya mvua hutuama hapo, na maji ya mvua huozesha mbao kuliko maji ya chumvi.

Adui wa pili ni yule mdudu mtoboa mbao wa baharini, ambaye kwa kweli ni wa jamii ya chaza ingawa mwili wake ni mrefu kama mnyoo. Nje anaacha tundu dogo kama la pini, ndani anachimba handaki. Dawa ya wazee bado inafanya kazi: unapweleza chombo, unakikwangua, unakipitishia moto wa makuti makavu chini kumuua aliyemo, kisha unapaka deheni, yaani shahamu iliyopikwa na chokaa. Ila dawa hiyo ina ratiba. Sisi nyumbani tulipaka kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Tulipoacha kwa msimu mzima wa upepo wa Kusi, mwaka baba alipougua, tulibadilisha mbao nne.

Sasa yoti ya faiba. Gamba lake, yaani mwili wake wa nje, halifuri wala halinywei, na yule mdudu hana cha kula. Waundaji wa miaka ya sitini na sabini walikuwa bado hawajaizoea faiba, wakaongeza tabaka kwa tahadhari, ndiyo maana magamba mengi ya wakati ule ni mazito na yamedumu. Maradhi yake ni malengelenge. Maji hupenya polepole kwenye ngozi ya nje, yakakutana na kemikali ambazo hazikukauka sawasawa siku ya uundaji, yakatengeneza majimaji yanayosukuma ngozi itoke nje. Ukilipasua lengelenge moja utasikia harufu kama ya siki.

Wanunuzi wengi hukimbia wakiona malengelenge. Mimi sikimbii. Kwenye Centaur ile nilihesabu 19, mengi ukubwa wa sarafu. Hayo unayafungua, unaosha kwa maji yasiyo na chumvi mara nyingi, unaacha yakauke, unajaza gundi ya ipoksi. Gamba lililoumuka kote ni habari nyingine: litakwanguliwa ngozi yote, likae nchi kavu wiki nyingi mpaka likauke, ndipo lipakwe tabaka kadhaa za ipoksi. Kazi hiyo usiianze karibu na masika, kwa sababu gamba halitakauka na utakuwa umefungia maji ndani kwa gharama kubwa.

Tahadhari moja kwa yeyote atakayekwangua yoti ya umri huo: rangi za chini za zamani nyingi zilikuwa na sumu ya bati inayoitwa TBT. Uingereza iliipiga marufuku kwa boti ndogo mwaka 1987, na mkataba wa kimataifa wa kuizuia ukaanza kutumika 2008. Tabaka hizo zinaweza kuwa bado zipo chini ya rangi mpya. Usipige msasa mkavu. Lowesha, vaa barakoa ya kweli, na unachokwangua ukizoe, kisiende kwenye mikoko ambako watu wanaokota kaa na chaza.

Kusimama juu ya mchanga

Hili ndilo linaloamua gharama zako za kila mwaka kwenye pwani yetu, na ajabu ni kwamba wauzaji huwa hawalitaji kabisa. Bamvua zetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Chombo kinachoweza kukaa mchangani maji yakipwa kinajitengenezea gati lake mwenyewe, mara mbili kwa mwezi, bila kulipa winchi. Mashua hulala ubavu, unafanya upande mmoja leo, wa pili kesho. Ni kazi ya kukimbizana na maji, ila haikugharimu kitu.

Yoti nyingi haziwezi. Contessa 32, kwa mfano, ni chombo ninachokiheshimu sana. Katika mbio za yoti za Fastnet za 1979, dhoruba ilipoua watu, Contessa iitwayo Assent ndiyo peke yake iliyomaliza katika daraja la boti ndogo kabisa. Lakini mkuku wake unazama zaidi ya mita moja na nusu, na ukiipweleza bila magongo ya kuishikilia italala vibaya. Kila ukitaka kupaka rangi utatafuta gati la kupandishia.

Centaur ina mikuku miwili, kushoto na kulia, na inazama kama sentimita 90 tu. Inasimama wima juu ya mchanga kama meza. Ziliundwa zaidi ya 2,000 kuanzia 1969, na sababu kubwa ya kupendwa kwao ni hiyo. Ila sifa hiyo ndiyo iliyoleta udhaifu wake: kila maji yakijaa na kupwa, uzito wote unapandishwa na kushushwa juu ya mizizi ya mikuku, na miaka hamsini ya hivyo huchosha faiba pale inapokunjika. Niliinua mbao za sakafu, nikakausha kwa kitambaa, nikamulika kwa tochi. Mkuku wa kushoto una nyufa nyembamba kama nywele. Dawa ipo na inajulikana: unasaga mpaka ufikie faiba safi, unalaza tabaka mpya kwa ipoksi, unaongeza mbavu za kuvuka kati ya mkuku na mkuku. Fundi na msaidizi wake wanaimaliza kwa siku kama kumi. Asiyeifanya asivuke kwenda Pemba.

Matundu

Mashua haina tundu lolote chini ya maji, na huo ni utajiri. Yoti ina tundu la choo, la sinki, la maji ya kupoza mashine. Kila moja lina valvu, na kila valvu ni mlango wa bahari kuingia.

Niliikamata valvu ya choo ya Centaur nikajaribu kuifunga. Mkono wake ulikatika vidoleni mwangu kama biskuti. Nilipoligeuza lile pande kwenye mwanga, ndani lilikuwa na rangi ya waridi badala ya njano. Hiyo ni shaba ya njano ya madukani, iliyochanganywa na zinki. Maji ya chumvi hula zinki kwanza na kuacha shaba iliyojaa vitundu kama sifongo. Kwa nje inaonekana nzima. Siku moja mtu anaikanyaga, na bahari inaingia.

Naliandika hili kwa uzito kwa sababu liliwahi kunitokea. Niliuziwa valvu katika duka moja nikiambiwa ni za bahari. Hata miaka miwili haikuisha, nikaja asubuhi nikakuta boti niliyokabidhiwa imezama hadi juu ya mbao za sakafu, godoro za watu zinaelea. Tuliiokoa, lakini mashine ilikuwa imekunywa maji. Tangu siku ile nanunua za shaba halisi ya baharini, au zile za plastiki iliyotiwa nyuzi zinazoundwa mahsusi kwa vyombo, au shaba iliyopigwa muhuri wa herufi CR au DZR, ambayo zinki yake haitoki. Isiyo na muhuri na isiyo na karatasi siinunui, hata muuzaji awe rafiki yangu.

Na kabla ya kubadilisha, jiulize matundu mangapi unayahitaji. Ya Centaur ni manne. Nimemshauri mpwa wangu azibe mawili kwa faiba moja kwa moja na abaki na mawili mapya.

Mlingoti na matanga

Mashua ina mlingoti mmoja, foromali moja, yaani boriti ya kutundikia tanga, na tanga moja. Foromali ikivunjika Lamu, utapata mti mwingine Lamu. Tanga likichanika unalishona mwenyewe umekaa mchangani. Gharama yake inakuja kwa njia ya watu: kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo, na tanga la aina ile kunataka mikono mitatu minne inayojuana, hasa kupindua foromali upepo ukiwa mkali. Mke, mume na watoto wawili wadogo hawataweza. Nimemwambia wazi kwamba akichukua mashua, kila safari atahitaji mabaharia wawili, nao wana familia za kulisha.

Yoti inaendeshwa na watu wawili, hata mmoja aliyezoea. Lakini mlingoti wake wa alumini unashikiliwa na nyaya za chuma kisichopata kutu, na jina hilo limewadanganya wengi. Chuma hicho kinahitaji hewa ili kijilinde. Pale kinapojificha, ndani ya kifungo cha mwisho wa waya au pale bapa la kufungia waya linapopenya sitaha, maji ya chumvi hutuama bila hewa na ufa huanza usipouona. Kampuni za bima za Ulaya hupenda nyaya zibadilishwe baada ya miaka 10 hadi 15. Kwa joto na chumvi yetu mimi nasema 10. Yoti iliyokaa kwenye tope bila karatasi ya kuonyesha nyaya zilibadilishwa lini, hesabu zote ni za kubadilisha, na yale mabapa uyatoe uyatazame pande zote.

Matanga ya yoti ni kitambaa cha poliesta. Jua huua uzi wa mshono kabla ya kitambaa. Ukiweza kuukata mshono kwa ukucha, peleka kwa mshonaji apitishe uzi mpya, na tanga litakupa miaka mingine. Usinunue jipya kwa pupa.

Mashine

Kwa mashua jibu langu ni fupi: mashine ya kupachika nyuma, ya nguvu za farasi 15 au zaidi kidogo. Unaishusha, unaibeba nyumbani, unaifungia. Ikiharibika kila mji wa pwani una fundi wake. Kuna wanaotoboa mashua kuukuu wapitishe shafti ya dizeli. Nimeona mbili zilizofanywa hivyo, na zote mbili zilianza kuvuja pale pale kwenye tundu la shafti, maana mtetemo hulegeza kalafati.

Kwa yoti mambo ni mazito zaidi. Centaur nyingi zilitoka kiwandani na Volvo Penta ya silinda mbili inayopozwa na maji ya bahari yenyewe. Nusu karne ya maji ya chumvi kupita ndani ya chuma cha kusubu hujenga kutu na magamba kwenye njia za maji. Kuifungua na kuifufua kunawezekana, na mafundi wetu wanaoweza wapo, lakini vipuri vya mashine za umri ule huagizwa mbali na bei yake huumiza. Kipimo changu ni hiki: ikiwa inawaka baridi bila kulalamika, haitoi moshi wa buluu, na inapumua maji ya kutosha nyuma, itunze. Badilisha bawa la mpira la pampu ya maji kila mwaka, safisha kiwiko cha ekzosi kinachozibwa na masizi na chumvi, endelea nayo. Ikiwa imekwama, usiingie deni kuifufua. Tafuta dizeli ndogo ya karibuni inayopozwa kwa maji yake ya ndani. Ya Centaur ile imekwama. Hilo ndilo pigo kubwa upande wa yoti, na mpwa wangu lazima alipunguze kwenye bei kabla hajatia sahihi.

Kama njia ya kati, unaweza kupachika mashine ya nje ya farasi 10 nyuma ya Centaur kwa mwaka wa kwanza. Horini inatosha kabisa. Baharini mawimbi yakiinua tezi, yaani nyuma ya chombo, propela hutoka majini na kupiga hewa, basi usiitegemee kwa kuingia mlango wa bahari wakati wa Kusi.

Umeme

Hapa vyombo viwili vinafanana, ila yoti inakula zaidi. Taa zote ziwe za LED kabla hujanunua betri yoyote. Sola ya wati 100 kwenye jua letu hukupa kama wati-saa 400 siku njema, na hiyo inaendesha taa, simu na redio ya VHF inayosikiliza idhaa ya 16, ile ya dharura. Jokofu ndilo linalobadilisha hesabu yote. Mwaka wa kwanza chukua barafu.

Kuhusu betri, za risasi ni rahisi kununua, ila tumia nusu tu ya ujazo wake, na ukiiacha imeisha kwa miezi kadhaa imekufa. Lithiamu ya aina ya fosfeti utatumia asilimia 80 au zaidi, ina uzito usiofika nusu, na inavumilia kukaa miezi ikiwa na chaji ya katikati. Kwa mtu anayeishi Maskati lithiamu ina faida. Lakini usiiunganishe na alteneta ya zamani, ile dinamo ya mashine, bila kifaa cha kudhibiti: lithiamu huvuta umeme mwingi bila kupumzika, na alteneta ndogo inaweza kuungua. Kwa mashua, betri moja ya risasi na kipande cha sola vinatosha, basi.

Kishawishi cha kuchanganya

Karibu kila mwezi mtu ananiuliza: kwa nini nisiivishe mashua ya mbao koti la faiba, nikapumzika na kalafati na mdudu? Naomba usifanye. Mbao za mashua kuukuu zimekunywa mafuta ya nazi na sifa, yaani mafuta ya papa, kwa miaka ishirini, gundi haishiki. Na hata ikishika, mbao zitaendelea kufura na kunywea ndani ya koti lisilofura. Linapasuka, maji yanaingia na hayatoki, na ubao unaoza gizani. Nimewahi kuvua koti kama hilo. Lilitoka kwa mkono kama ganda la ndizi, na chini yake taruma lilikuwa laini kiasi cha kulichota kwa kijiko. Fundi aliyeunda mashua ile angelia. Faiba juu ya mbao inafaa pale chombo kilipoundwa kwa ajili hiyo tangu mwanzo, kwa mbao kavu au plaiwudi iliyogundishwa.

Kishawishi cha upande wa pili ni kutaka kuifanya Centaur iwe kasri. Dari za Westerly za miaka ile zimefunikwa ngozi ya plastiki yenye sponji nyuma, na joto hugeuza sponji kuwa unga, ngozi ikaning'inia kichwani. Mpwa wangu alinitumia picha tatu za dari hiyo na hakunitumia hata moja ya valvu. Dari ing'oe, iache wazi, paka rangi nyeupe. Itafika zamu yake.

Nilichomwambia

Mashua inaomba kidogo kidogo, kila mwezi, na wanaoijua kazi hiyo wako Matondoni, Kizingitini, Nungwi, Mafia, hata hapa Kilifi wapo. Vifaa vyake ni pamba, mafuta, chokaa, msumari, mti. Isipopata hicho kidogo kwa wakati wake, inakufa upesi. Yoti inakaa kimya miezi kumi bila kudai kitu zaidi ya mtu wa kuitazama kamba na kupunguza maji ya mvua, kisha inadai kwa mkupuo, na kipuri kinatoka nje kwa wiki nyingi.

Kwa mtu wa miezi miwili kwa mwaka nimesema achukue Centaur, kwa bei iliyopunguzwa thamani ya mashine nzima na nyaya zote. Mwaka wa kwanza afanye mizizi ya mikuku, valvu, nyaya, malengelenge na rangi ya chini, apachike ile mashine ndogo ya nje, asafiri horini na kando ya pwani. Mwaka wa pili dizeli. Pemba baada ya hapo. Angekuwa anaishi hapa, hata kama ni Takaungu au Malindi, ningemwambia mashua bila kusita, kwa sababu kwa pesa anayotumia kwenye nyaya peke yake tungebadilisha misumari yote na mbao zote zilizokufa.

Alinyamaza kidogo kwenye simu. "Na mashua itakuwaje, mjomba?" Nilijua anauliza nini. Mashua kuukuu zisizopata mnunuzi huishia kupasuliwa, mbao zake zikawa meza na vitanda vya hoteli. Nimeshazungumza na binamu zangu wawili wanaokaa hatua chache kutoka pwani. Tunachanga watatu. Mwenyewe ameshakubali kutungoja, na bamvua ya mwezi mpevu ujao tunaipweleza tuanze na zile mbao mbili zilizokufa.